KUANDIKA HADITHI KWA KUANZIA MWISHO



Muhula uliopita, siku ya Jumatano baada ya chakula cha mchana, saa ambayo nusu ya darasa husinzia, mwalimu wetu wa Kiswahili aliingia akaandika ubaoni mstari mmoja tu:

Nikafunga mlango, nikaacha taa ikiwaka.

Akageuka, akasema, "Huu ndio mstari wa mwisho wa hadithi. Yaliyotangulia ni kazi yenu. Kurasa tatu, Jumatatu." Akaweka chaki mezani akatoka.

Sisi wa kidato cha sita twajiona kuwa tumekwisha kuandika insha za kila namna: barua kwa mhariri, mijadala, visa vya methali, na hadithi zinazoanza kwa maneno tuliyopewa. Jirani zetu wa Kenya, ambao lori zao twaziona zikipita hapa Tororo kila siku, hupewa swali la namna hii katika karatasi ya insha ya mtihani wao wa KCSE. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni. Walakini kujua kuwa swali lipo si sawa na kujua namna ya kulijibu. Naandika makala haya kwa sababu mimi nililijibu vibaya, na naona wadogo zangu wa vidato vya chini watalijibu vibaya vile vile wasipoambiwa.

Hadithi yangu ya kwanza ilianza kwa jogoo kuwika. Kijana akaamka, akapiga mswaki, akanywa chai, akapanda basi kwenda Mbale. Basi likapinduka. Akajikuta hospitali. Wezi wakaingia hospitalini, akakimbia nao nyuma yake, akatumbukia shimoni, kumbe yote yalikuwa ndoto. Nilipofika hapo, ukurasa wa tatu ulikuwa umebakiwa na mistari minne, nami ndipo nilipokumbuka mlango. Basi nikamwinua kijana kitandani, nikamtoa nje, akafunga mlango, akaacha taa ikiwaka. Nikapeleka daftari nikiwa na furaha.

Daftari lilirudi halina alama. Kulikuwa na swali moja kwa wino mwekundu: "Mlango huu ni wa nani?"

Nilikasirika. Mlango ni mlango. Lakini jioni ile, baada ya sala, niliusoma tena ule mstari nikaona kuwa nilikuwa sijausoma hata mara moja. Niliuona tu kama mtu aonavyo kibao cha mwisho wa safari, akijua kuwa akifika hapo atashuka. Kumbe mstari wa mwisho si kituo. Ni shahidi. Amekwisha kuyaona yote yaliyotokea, amekaa kimya, na kazi ya mwandishi ni kumhoji neno kwa neno mpaka aseme.

Tuanze na kiambishi -ka-. Sarufi yatufundisha kuwa katika masimulizi -ka- haitangulii; hufuata kitendo kilichokwisha kutajwa, kama behewa lifuatavyo garimoshi. Basi mtu asemapo "nikafunga" amekwisha kutuambia kuwa kabla ya kufunga alifanya jambo lingine, na jambo hilo limeshikamana na mlango huo. Katika hadithi yangu jambo lililotangulia lilikuwa kuamka ndotoni. Behewa langu halikuwa limefungwa kwenye garimoshi lolote.

Kisha tutazame "nikaacha". Hakusema "nikasahau". Aliona taa inawaka, akajua kuwa inawaka, akaondoka. Katika nyumba ambayo mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo cha kikombe, hakuna aachaye taa ikiwaka bila sababu. Kwa hiyo mtu huyu ana sababu iliyo nzito kuliko bei ya mafuta. Nawajua wasomaji watakaosema kuwa siku hizi watu wana taa za jua na umeme. Sawa, lakini taa ya umeme ikiachwa haina habari nyingi. Mimi nilichagua taa ya chemli kwa sababu chemli hula mafuta, na kitu kinachokula kitu kingine husaidia sana hadithi.

Tena kuna neno "kufunga". Kiswahili kina maneno ya kuchagua: waweza kushindika mlango, yaani kuusukuma tu bila kuukaza, waweza kuukomea kwa ndani, waweza kuufunga. Aliyeshindika mlango atarudi sasa hivi. Aliyekomea yumo ndani. Huyu wetu amefunga, naye yuko nje.

Hapo nikaona nyumba tatu. Katika nyumba ya kwanza kuna mtu ndani, mgonjwa au mtoto, anayeogopa giza. Katika nyumba ya pili hamna mtu, ila taa imeachwa ili majirani wadhani yumo. Mwenye nyumba anakimbia deni au anakimbia jambo baya zaidi. Katika nyumba ya tatu hamna mtu, lakini kuna mtu anayetazamiwa kuja. Kila nyumba ni hadithi nyingine kabisa, ijapokuwa mstari wa mwisho ni ule ule. Rafiki yangu mmoja aliichukua nyumba ya pili, akaandika habari ya karani aliyekula fedha za chama cha ushirika, na hadithi yake ni nzuri kuliko yangu. Mimi niliichukua ya tatu. Sababu nitaieleza baadaye, maana mwanzoni mwenyewe sikuijua.

Kabla ya kuendelea, mtu asidhani kuwa kazi hii imeletwa na vitabu vya Wazungu. Bibi zetu waliijua zamani. Ngano nyingi humalizika kwa mwisho usioweza kubadilishwa: ndiyo sababu hadi leo gamba la kobe lina nyufa, ndiyo sababu fisi huchechemea, ndiyo sababu popo hutoka usiku. Msimulizi hana mamlaka juu ya gamba la kobe. Amelikuta hivyo. Basi hulishika mkononi akauliza: ni nini kilichompasua? Alianguka. Alianguka kutoka wapi? Kutoka juu sana, maana kwa kuanguka kichuguuni asingepasuka namna hii. Kobe alifikaje juu naye hana mabawa? Alichukuliwa na ndege. Na ndege walikubalije kumchukua, na kwa nini wakamwacha aanguke? Hapo msimulizi amekwisha kumpata kobe mlafi na mwongo, tena amekipata kisa kizima, naye alianza na gamba tu.

Katika maktaba nilimpata pia Edgar Allan Poe wa Marekani. Mwaka 1845 alichapisha shairi la kunguru lenye beti 18, na mwaka 1846 akatoa makala kueleza alivyolitunga. Asema alijua mwisho kabla ya kuanza, na kwamba ubeti wa kwanza kuandikwa ulikuwa mmoja wa zile za karibu na mwisho. Wasomaji wengi hawamsadiki sana. Waona alijifanya fundi wa saa baada ya kazi kwisha. Mimi pia namsadiki nusu. Lakini katika makala yale ataja barua aliyoandikiwa na Charles Dickens, juu ya Mwingereza William Godwin na riwaya yake Caleb Williams iliyotoka mwaka 1794 kwa juzuu tatu. Ilisemwa kuwa Godwin aliiandika kinyumenyume. Godwin mwenyewe alilieleza jambo hilo mwaka 1832: alibuni kwanza juzuu ya tatu, ambamo mtu anawindwa nchi nzima asipate pa kujificha; kisha akajiuliza ni siri gani imfanye mtu awindwe hivyo, akaipata juzuu ya pili; kisha akajiuliza mwindaji awe mtu wa namna gani, akaipata ya kwanza.

Yapo mambo mawili hapa ambayo yalinisaidia. La kwanza, Godwin alirudi nyuma katika kubuni, si katika kuandika. Kuandika huenda mbele, kama sisi sote. La pili lilinishangaza zaidi: mtu huyu aliyeanza na mwisho, alipokwisha kuandika aliona mwisho wenyewe haufai, akautupa akaandika mwingine. Ule wa kwanza umehifadhiwa hata leo katika hati yake. Sisi tuliopewa mstari na mwalimu hatuna ruhusa hiyo. Lakini mtaona kuwa mimi nami mwisho wangu ulibadilika, wala sikugusa hata herufi moja.

Sasa nieleze nilivyofanya mara ya pili. Nilichukua karatasi tupu, nikaandika ule mstari chini kabisa, kisha nikapanda kwenda juu kama mtu apandaye mwembe, kila tawi nikiuliza: kwa nini?

Kwa nini ameacha taa ikiwaka? Kwa sababu kuna mtu atakayekuja usiku, naye aijue nyumba. Nani? Kaka yake. Yuko wapi? Alikwenda na lori kuwa utingo, safari ya Juba, hajarudi mwaka wa pili huu. Kwa nini basi nyumba inafungwa? Kwa sababu hapana atakayebaki ndani; kijana anachukuliwa na mjomba kwenda kukaa Mbale. Kwa nini achukuliwe? Bibi aliyekuwa akimlea amekufa, na matanga yameanuliwa. Na taa, ni nani aliyeanza kuiacha ikiwaka? Bibi. Kila usiku aliiweka dirishani, na mjukuu akinung'unika humwambia, "Mume wangu, iache taa. Mtu wa barabarani hutafuta mwanga."

Nilipofika tawi hilo nilifurahi, lakini hadithi ilikuwa bado haina mifupa. Bibi aliwasha taa, bibi akafa, mjukuu akawasha taa. Hiyo ni desturi, si hadithi. Kijana lazima awe na deni. Mstari wasema "nikaacha", na neno hilo halina uzito wowote mdomoni mwa mtu ambaye siku zote amekuwa akiacha. Lina uzito mdomoni mwa mtu ambaye zamani alikuwa haachi.

Basi nikaandika: kijana alikuwa akiizima. Bibi akisinzia, yeye huinuka polepole akaipuliza. Alfajiri, kabla bibi hajaamka, huiwasha tena, bibi akaikuta inawaka dirishani kama alivyoiacha.

Kalamu yangu ilisimama hapo muda mrefu, kwa sababu jambo hilo sikulibuni. Nililifanya mimi. Kaka yangu mkubwa aliondoka na lori nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mama yangu aliweka taa dirishani kila usiku. Mimi nililala sebuleni. Niliizima kwa muda wa miezi mingi. Nilijiambia kuwa mwanga wanizuia usingizi, lakini sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuamini kuwa kaka hatarudi. Katika hadithi nilimweka bibi badala ya mama, kwa kuwa hadithi ilitaka mtu afe, na sikuweza kumzika mama hata kwa wino.

Kaka alirudi. Alishuka kutoka kwenye lori saa saba mchana, jua la utosi, akaomba maji. Habari ya taa hakuijua wala hakuiuliza. Naitaja ili msije mkadhani kuwa maisha hujipanga kama hadithi. Ningeyaandika yalivyokuwa, mwalimu angeuliza taa ilikuwa ya nini.

Basi nikashuka mwembe, nikaanza kuandika kwenda mbele. Swali kubwa hapa ni wapi pa kuanzia. Ukipanda mno utamfikia babu wa babu. Mimi nilianzia asubuhi kaka alipoondoka, kwa kuwa siku hiyo hakuna aliyejua kuwa kuna jambo. Aliahidi kuleta viatu, tukacheka. Nilijionya pia juu ya hatari moja ya kazi hii. Mtu ajuaye mwisho hupenda kuutangaza. Kila ukurasa anataja taa, taa, taa, mpaka msomaji anachoka na kuona mkono wa mwandishi ukimsukuma mgongoni. Kwa hiyo niliitaja taa mara nne tu, na katikati nikamwingiza mbuzi aliyekula daftari la hesabu. Mbuzi huyo hana kazi yoyote katika hadithi. Ndiyo sababu nampenda.

Darasani tulisomeana. Mwenzetu mmoja aliinua mkono akasema, "Nyumba itaungua." Tulicheka, lakini alisema kweli. Nikaihamisha taa kutoka kwenye pazia, nikaiweka ndani ya sufuria pana yenye mchanga. Nawashauri: hadithi iliyojengwa kutoka mwisho isomeni mbele ya mtu mwenye akili za kazi za nyumbani. Yeye ataona mashimo ambayo ninyi mmeyaruka.

Aliyeliona shimo kubwa kuliko yote alikuwa mama.

Nilipokwenda likizo nilichukua daftari. Mama hasomi Kiswahili kwa wepesi, basi usiku, baada ya kula, nilimsomea nikimgeuzia katika lugha yetu ya nyumbani. Nilikuwa na hofu, maana sikuwahi kumwambia habari ya kuizima taa. Nilitumaini kuwa akisikia ni bibi na mjukuu wa hadithi, atapita juu yake. Alisikiliza akichagua mawe katika maharage. Nilipofika mahali mjukuu alipoizima taa na kuiwasha alfajiri, bibi asijue, akainua kichwa.

"Huyo bibi ni mjinga?"

Nikamwuliza, "Kwa nini, Mama?"

"Taa iliyokesha haiamki na mafuta," akasema. Akarudi kwenye maharage yake.

Nilinyamaza. Halafu nikamwuliza mbona hakuniambia neno miaka yote ile. Alichagua mawe mawili matatu, akasema, "Ulikuwa ukiiwasha tena alfajiri. Hiyo ilinitosha."

Usiku ule sikulala sana. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Lakini mwandishi ni kiumbe asiye na adabu, maana hata kabla ya machozi kukauka nilikuwa nimekwisha kufikiri juu ya daftari. Kama bibi alijua, basi kila asubuhi alikuta mafuta mengi katika taa. Aliyafanyaje? Bibi wa namna yake hawezi kuyaacha tu. Atayamimina chupani, ayaweke mahali. Ikiwa aliyamimina kila asubuhi kwa miezi, chupa zimejaa. Ziko wapi? Uvunguni mwa kitanda chake. Nani atazikuta? Atakayekusanya vyombo siku ya kuhama.

Basi nilipanda mwembe tena, kutoka mstari ule ule. Sasa, kabla ya "nikafunga", kijana ameinama uvunguni kutafuta mkeka. Nje mjomba anapiga honi ya pikipiki, jua linazama. Mkono wake unagusa chupa, kisha ya pili, kisha ya tatu. Anafungua, ananusa. Anakaa chini sakafuni mpaka honi inapigwa tena. Ndipo anapoijaza taa pomoni, anaiweka ndani ya sufuria ya mchanga, anaiwasha. Sikueleza anafikiri nini. Sentensi tatu nilizokuwa nimeandika juu ya huzuni yake nilizifuta, kwa kuwa chupa zimekwisha kusema. Kisha ukaja ule mstari wa ubaoni, neno kwa neno. Mara ya kwanza ulikuwa kijana anayemngojea kaka. Sasa ni kijana anayemlipa bibi, na kaka nadhani hata hayumo tena.

Nilimpelekea mwalimu. Alilirudisha baada ya siku mbili, amesahihisha tahajia mahali saba na kunikumbusha kuwa "sufuria" haiandikwi kwa h. Juu ya mlango hakuuliza tena.

Mhariri amekubali kuwa katika toleo lijalo hadithi moja ya wanafunzi wa vidato vya chini ichapishwe, na moja ya kaka zetu wa zamani, zote zenye mstari huu wa mwisho: Baiskeli ilikuwa pale pale, ila kengele yake haikuwapo. Msianze na baiskeli. Anzeni na "pale pale", mkajiulize nani alijua ilikuwa wapi kwanza. Kisha na "ila". Kurasa zisizidi tatu. Zitiwe katika sanduku lililo mlangoni pa maktaba kabla ya likizo. Nimeombwa kuzisoma mimi na wenzangu wawili, na tumekwisha kupatana kuwa atakayetuletea ndoto, hadithi yake itarudishwa bila kusomwa.